Muulizeni Alikuwa Kikosi Gani

Wazee wangu, mama zangu, vijana, assalaam aleikum na habari za jioni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili la watu wanaojifanya askari, na wapo walionishauri niliache. Siliachi, maana mwaka jana limetokea tena, hapo ng'ambo Likoni.

Mwanamume mmoja alifika kwenye mchango wa matibabu amevaa koti la jeshi la madoadoa na bereti. Hakuna aliyemjua. Akapewa kiti cha mbele, akapewa kipaza sauti, akasimulia alivyopigana Kismayo mwaka 2010, risasi zikimpita masikioni. Watu wakapiga makofi. Jamani, sisi ni watu wa Mombasa! Kituo cha wanamaji kipo Mtongwe hapo. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na Kismayo ikashambuliwa mwisho wa Septemba 2012, askari wakishuka kutoka baharini. Sasa mwaka 2010 huyu bwana alikuwa akipigana na nani? Mzee mmoja aliyestaafu jeshi la majini akamuuliza kwa adabu kabisa, "Mwanangu, ulikuwa kikosi gani?" Akajibu, "Hiyo ni siri, mzee." Ukumbi mzima ukamgeukia mzee wa watu, ikawa yeye ndiye mkorofi.

Siri ya nini? Operesheni huweza kuwa siri. Kuandikishwa jeshini si siri: mke anajua, benki inayopokea mshahara inajua, mtaa mzima unajua fulani yuko jeshini. Aliyetumikia ana namba yake ya jeshi, na haisahau hata akiwa mkongwe. Ana kambi aliyofunzwa, ana wenzake aliolala nao handakini. Waongo hawa wote kimbilio lao ni hiyo siri, awe wa Marekani, awe wa Likoni.

Najua mtaniambia: mwalimu, uongo wa mtu mmoja unamdhuru nani? Mwacheni ajifurahishe. Basi nisikilizeni vizuri. Yule bwana alianza kuamkiwa "afande" siku ile ile. Mama mmoja aliyekuwa pale akamwendea kwa ajili ya mwanawe aliyemaliza shule na hana kazi. Akauza kishamba chake cha minazi, akamkabidhi pesa, akaletewa barua ya kuitwa ukurutu. Barua hiyo nimeishika kwa mikono yangu. Nembo imefifia kama karatasi iliyotolewa kopi juu ya kopi, wino wa muhuri umetapakaa, na tarehe ya kuripoti imefutwa ikaandikwa nyingine juu yake. Kijana akanyoa kipara, akanunua sanduku la bati, akasafiri mpaka kambi ya makurutu Eldoret, akarudishwa langoni na sanduku lake. Mpaka leo anaona haya kupita barazani.

Nani aliyemfanya yule mama amwamini mtu asiyemjua? Ni sisi tuliopiga makofi. Tulimdhamini bila kumuuliza neno. Kusajiliwa jeshini hakulipiwi hata senti, na hilo hutangazwa kila usajili unapofika. Vijana hukaguliwa uwanjani, mchana, mbele za watu. Barua ya kuletewa nyumbani usiku na mtu wa bereti, ya nini hiyo?

Wamarekani nao limewasumbua. Mwaka 2007 mtu anayeitwa Xavier Alvarez, mjumbe wa bodi ya maji huko California, alijitambulisha kikaoni kuwa alikuwa askari wa Marine kwa miaka 25 na ana nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwao. Hakuwahi kutumikia jeshi lolote. Alihukumiwa kwa sheria ya mwaka 2005 iliyokataza kudai nishani kwa uongo, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo, ikisema hata uongo kama huo unalindwa na uhuru wa kusema. Mwaka 2013 ikatungwa nyingine, inayomshika anayedai nishani ili apate pesa au manufaa. Mimi nasema pesa zikishatoka, umechelewa. Kwetu sheria inakataza kuvaa sare ya jeshi bila idhini, lakini ni nani hapa aliyewahi kumshitaki mtu?

Na kuna wenye haki yao. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga hapa Kilindini kuelekea Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo. Manowari ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldives tarehe 12, wakafa watu 1,297. Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki kilikwisha karibu chote. Majina ya waliozama yako kwenye makaburi ya vita Nairobi. Wajukuu wao wamo mitaani humu, hakuna anayewapa kiti cha mbele.

Mwenyekiti ananionyesha saa. La nishani niliseme upesi: nyota za Vita vya Pili walizopewa askari wetu hazikuchongwa jina, kwa hiyo kuwa nayo hakuthibitishi kitu, mtu aweza kuinunua dukani. Na mjukuu akivaa za babu yake, huzivaa kifua cha kulia, cha kushoto ni cha mwenyewe.

Mwenye kitabu cha babu yake cha kuachishwa jeshi, hata kama kimeliwa na mchwa, nitakuwa mlangoni. Nataka kukipiga picha na kuinakili namba yake.