Kuzamisha kitasa kwenye mlango wa mvule bila kupasua mbao

Haya, karibuni tena hapa Kibuye, Kisumu. Kelele mtanivumilia, leo ni Jumapili, soko limefurika, na jirani yangu wa vitanda hana habari ya siku ya mapumziko. Kazi ya leo ni kitasa cha kuzama, kile kinachoingia chote ndani ya ubavu wa mlango. Mlango ndio huu, mvule mtupu, unene milimita 45, mbao imevukia Busia. Kitasa ni cha inchi 3, yaani kisanduku chake kinaingia ndani milimita 76 hivi. Pima chako, usiniamini mimi.

Vifaa: patasi mbili zenye makali ya kweli, nyundo ya mbao, kisu, skwea, drili na keekee ya milimita 16, bisibisi, na masizi. Ndiyo, masizi ya sufuria. Tutafika.

Bawaba sitawachosha nazo. Mlango mzito, weka 3 za inchi 4. Ya juu inchi 6 kutoka juu, ya chini inchi 9 kutoka chini, ya tatu katikati yao. Chora kwa kisu, chimba kina sawa na unene wa bati, funga. Neno moja tu: kama skurubu zako ni za shaba ya njano, toboa kwanza, halafu ingiza skurubu ya chuma ya saizi hiyo hiyo ikate njia, itoe, ndipo uingize ya shaba ukiwa umeipaka nta ya mshumaa. Mvule ni mgumu. Shaba ikikazwa kwa nguvu inakatika kichwa, na shina linabaki ndani likikucheka.

Sasa kitasa. Mlango nimeushusha, umesimama kwa ubavu, umebanwa kati ya stuli mbili. Kabla ya kuchora chochote, angalia mlango umeungwa wapi. Huu ni wa paneli, una mbao ya kati inayolala. Mbao hiyo imeingia kwenye mhimili wa pembeni kwa tenoni, ile ncha iliyochongwa iingie kwenye tundu la mwenzake, na ukichimba kitasa hapo utakuwa umekula tenoni yenyewe, mlango ubaki umeshikwa na gundi na maombi. Sogea juu ya kiungo. Handeli ikikaa kama mita 1 kutoka sakafuni, hakuna mgeni atakayelalamika.

Tazama pia ulimi wa kitasa, huu wenye mteremko. Mteremko uelekee upande mlango unakofungia. Ukiwa kinyume, vitasa vingi vinakuruhusu kuugeuza. Ugeuze sasa, mezani, si baadaye.

Mstari wa kati wa ubavu upime kutoka pande zote mbili za mlango. Ukipata mistari miwili badala ya mmoja, katikati halisi iko baina yake. Juu ya mstari huo toboa matundu yakifuatana, yagusane kidogo. Nimezungushia keekee utepe kwenye milimita 80 nijue pa kusimama. Mimi natazama kama drili imelala kushoto au kulia, na huyu kijana... kijana, weka simu chini kwanza, njoo usimame huku unitazamie mbele na nyuma. Haya, mmebaki kuona viatu vyetu. Vumilieni.

Tumerudi. Matundu yametoka vizuri, sasa patasi isafishe kuta za ndani. Kisanduku kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba, si kwa nyundo. Kukibana kutapinda bati lake, na liva za ndani, vile vibati vinavyosukumwa na ufunguo, zitaanza kusuguana.

Mmesikia hiyo? Krrr. Sogeza simu. Unaona kitu cheupe hapo ndani? Hilo ni jiwe. Mvule una tabia hiyo, mti wenyewe hujitengenezea mawe ya chokaa ndani ya mbao, hasa pale ulipowahi kupata jeraha. Na patasi yangu ndiyo hii, imeng'oka kipande ukingoni. Si kosa la patasi. Hapo chukua patasi ya zamani au msumari mnene, vunjavunja jiwe, kung'uta vipande, ndipo urudi na patasi nzuri. Hii naenda kuinoa. Na ufunge pua wakati wa kupiga msasa, vumbi la mvule linawasha kweli kweli.

Sasa nisikilizeni hapa kuliko mahali pengine pote. Ingiza kitasa hadi bamba la mbele likae juu ya mbao. Lizungushie mstari kwa kisu, si penseli. Penseli ina unene, kisu hakina. Toa kitasa. Tunataka bamba lizame lilingane na mbao, kina cha milimita 3 hivi, chako kifuate unene wa bamba lako. Una mistari mifupi miwili, juu na chini, inayokata nyuzi za mbao. Una mistari mirefu miwili inayokwenda sambamba na nyuzi. Kwenye mifupi, simamisha patasi, mgongo wake bapa kwenye mstari, piga nyundo. Kwenye mirefu hakuna nyundo. Narudia, kwenye mirefu hakuna nyundo. Patasi ikisimama sambamba na nyuzi inakuwa kabari, na ukipiga, ukingo uliobaki pembeni unapasuka hadi usoni mwa mlango. Mvule haukuonyi, unasema "tak" na imeisha. Kwenye mirefu ni kisu, mara ya pili kisu, mara ya tatu kisu, halafu patasi ya kusukuma kwa mkono.

Katikati ndipo unapoweza kupiga. Kata vipande vifupi kukingama na nyuzi, vikae kama magamba ya ngege, halafu viondoe kwa patasi iliyolala. Wengine watakuambia utumie ruta, ile mashine ya umeme ya kuchimba mbao. Ni sawa, inamaliza haraka. Mimi siipendi, inapiga kelele na hainipi muda wa kuona mbao inaelekea wapi.

Na nikiwa hapo hapo: unaona mkono umeshika nyundo na patasi iko kwenye mstari mrefu? Huo si wangu. Kijana, hapana. Kisu.

Sasa masizi. Mbinu hii si yangu. Kule Marekani kuna watu wanaonunua kifurushi cha vipande na kujiundia gobore, zile bunduki za kushindilia baruti kupitia mdomoni, na wakizamisha vyuma kwenye mbao wanapaka masizi ya taa upande wa chini wa kila chuma: mtutu, mtambo wa kufyatulia, bamba la kitako. Bunduki tuwaachie wenyewe, huku bila leseni hiyo ni kesi. Masizi tunayachukua. Kwangua ya sufuria iliyopikia kuni, tia tone la mafuta ya kupikia, paka mgongo wa bamba, kidogo tu. Rangi ya mdomo pia inafaa, ila omba ruhusa nyumbani kwanza.

Kabla ya kukirudisha kitasa, zungusha ufunguo komeo litokee nje. Hilo ndilo litakuwa mshikio wako wa kukivutia. Usichokonoe bamba kwa bisibisi, utaharibu ukingo uliousumbukia. Ingiza, gonga kidogo na kiganja, vuta. Angalieni: doa hapa, doa hapa, na huku chini patupu. Chuma kimeshasema kinagusa wapi. Kwangua pale penye weusi tu, unyoya mmoja, si zaidi. Paka tena, ingiza tena, vuta. Mtu mwenye haraka hapa ndipo anaposhika nyundo akilazimishe. Ukiona weusi umetapakaa sawa kote na kucha ikipita kutoka mbao hadi chuma bila kukwama, acha. Usitafute zaidi.

Tundu la handeli na la ufunguo: laza kitasa juu ya uso wa mlango mahali pake, bamba likilingana na ubavu, tia alama kwa msumari mwembamba. Fanya hivyo pande zote mbili. Toa kitasa kabisa kabla ya kutoboa, keekee isije ikaingia tumboni mwake. Toboa nusu upande huu, nusu upande ule, mbao isichanike inapotokea. Ya handeli milimita 16, ya ufunguo 10 kisha uikate kwenda chini kwa msumeno mwembamba.

Rudisha mlango kwenye bawaba. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya mlango na fremu. Hapa karibu na ziwa mbao inanenepa masika, Machi hadi Mei, na kukonda Januari. Aliyeufunga ukiwa umebana Januari ataupigia bega Aprili. Kwa bamba la fremu, lile linalopokea ulimi na komeo, ni masizi tena: paka ncha ya ulimi na komeo, funga mlango polepole, zungusha ufunguo, fungua. Alama imejichora. Chimba hapo, na mjue sasa mistari mirefu haipigwi nini.

Sikilizeni inavyofunga. Tena. Hiyo ndiyo sauti ninayoipenda. Ndani ya kitasa usitie mafuta, yanakusanya vumbi. Kwangua penseli laini, tia unga wake.

Kama utapiga vanishi, toa kila chuma kwanza, sabuni na kitambaa viondoe masizi, mbao ikauke. Vanishi ikigusa ulimi utashinda mlangoni ukibisha kwako mwenyewe. Patasi zilizonolewa ninazo, na milango ya mvule nachukua oda. Ukifika Kibuye, ulizia upande wa vitanda, ufuate kelele.