Washenzi Waungwana: Historia ya Timu ya Raga Isiyo na Uwanja

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Barbarians ni klabu ya raga ya Uingereza isiyo na uwanja. Haina jengo, haina ada ya uanachama, na huwezi kwenda kuomba kujiunga. Unaalikwa. Ukishaitikia mwaliko, unavaa jezi ya mistari ya kulala, nyeusi na nyeupe, sawa na wenzako wote, lakini miguuni unavaa soksi za klabu yako. Timu ikijipanga kupigwa picha, juu ni ndugu wa tumbo moja, chini kila mmoja ana kwao.

Jina lenyewe maana yake ni washenzi. Sisi wa Kiswahili tunajua uzito wa neno hilo, na tunajua kinyume chake ni nani: muungwana. Sasa sikilizeni kaulimbiu ya klabu, iliyotungwa na mchezaji wake Walter Carey, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Bloemfontein, Afrika Kusini. Alisema raga ni mchezo wa waungwana wa tabaka zote, lakini si mchezo wa mwanamichezo mbaya wa tabaka lolote. Washenzi kwa jina, waungwana kwa sharti. Mwaliko haukutazama miguu peke yake. Ulitazama pia mwenendo wa mtu ndani na nje ya uwanja.

Mwanzilishi alikuwa Percy Carpmael, mchezaji wa klabu ya Blackheath ya London, aliyesoma Cambridge. Enzi zake klabu nyingi zilifunga msimu mapema mwezi Machi, na ziara za raga zilikuwa jambo la nadra. Carpmael alitaka watu wa klabu mbalimbali wasafiri pamoja, wacheze, wale, wafahamiane. Mwezi Aprili 1890, akiwa ziarani Bradford na kikosi cha kuokotezwa, wazo hilo lilikubaliwa usiku baada ya mlo wa chaza. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo timu ikacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Hartlepool Rovers, ikashinda 9-4.

Hapa sitaki tuipake historia mafuta. Mwaka 1895, miaka mitano tu baadaye, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na chama cha raga kwa sababu mchezaji wa kiwandani au mgodini hakuruhusiwa kulipwa fidia ya siku ya kazi aliyoikosa. Bradford, mji ambamo Barbarians ilizaliwa, ulikuwa miongoni mwa waliojitenga. Kwa hiyo maneno "tabaka zote" yalikuwa mazuri kuyasema kuliko kuyatimiza. Nayasema haya kwa mapenzi, maana kaulimbiu nzuri humdai mwenyewe.

Moyo wa klabu hii, kwa maoni yangu, ulikuwa safari ya Pasaka kusini mwa Wales. Wageni walifikia hoteli ya Esplanade, Penarth, ufukweni. Ijumaa Kuu walicheza na Penarth, Jumamosi na Cardiff, Jumapili wakapumzika kwa gofu, Jumatatu na Swansea, Jumanne na Newport. Hebu fikirieni: mechi nne kwa siku tano, katika mchezo wa kugongana vifua! Penarth ilikuwa klabu ndogo kivulini mwa Cardiff. Mwaka mzima ilipambana kivyake, kisha Ijumaa Kuu wachezaji wa timu za taifa wanaingia kwenye uwanja wake mdogo, na watu wanafurika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mapato ya mlangoni siku ile yalikuwa dawa kweli kwa klabu kama hiyo. Na kijana wa pale, mfanyakazi wa siku zote, aliweza kusimulia maisha yake yote kwamba aliwahi kumkaba fulani.

Ilikuwepo pia mechi ya kumkumbuka Edgar Mobbs, winga wa Northampton na Uingereza. Vita Kuu vilipoanza alinyimwa cheo cha uofisa kwa sababu ya umri, akajiandikisha kama askari wa kawaida na kuwavuta mamia ya wenzake wajiunge naye. Aliuawa karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 31 Julai 1917, na mwili wake haukupatikana. Kuanzia 1921 Barbarians walicheza karibu kila mwaka na East Midlands, timu ya eneo lake, kwa heshima yake, wakafanya hivyo hadi 2011. Miaka tisini ya kumzika mtu asiye na kaburi.

Vita vya pili vilipokwisha, timu ikapata kazi mpya. Waaustralia waliokuwa ziarani walihitaji fedha za kurudi kwao kwa njia ya Amerika Kaskazini, basi tarehe 31 Januari 1948 ikaandaliwa mechi Cardiff, na Barbarians wakashinda 9-6. Watu waliipenda mno, na tangu hapo ikawa desturi kwa timu kubwa kumalizia ziara yake na Barbarians. Desturi nyingine ikaota humo humo: kuacha nafasi kikosini kwa angalau mchezaji mmoja ambaye hajawahi kuitwa timu ya taifa. Klabu nayo ikaanza kwenda mbali. Mwaka 1958 ilizuru Afrika Kusini, kisha ikapitia Nairobi kucheza na timu ya Afrika Mashariki. Ni lazima tuseme kwamba raga ya Kenya wakati ule ilikuwa ya walowezi, na kule kusini mtu mweusi hakuruhusiwa kuivaa jezi ya taifa. Kaulimbiu ilitaja tabaka, rangi haikuitaja.

Tufike Cardiff, 27 Januari 1973, dhidi ya New Zealand. Dakika za mwanzo kabisa, Bryan Williams wa New Zealand anapiga mpira mrefu. Phil Bennett wa Barbarians anaufuata akiwa amewapa wapinzani mgongo, karibu na mstari wa goli lake. Mtu mwenye akili ya kawaida angeubutua nje. Bennett anageuka, anawapiga chenga wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha anampa J.P.R. Williams, ambaye anadakwa shingoni lakini mpira anautoa. John Pullin. John Dawes. Tom David. Derek Quinnell anauokota chini kabisa na kuutupia winga wa kushoto, lakini katikati anachomoka Gareth Edwards kama mshale, anaunyaka, anaruka konani. Trai! Ndilo bao la raga. Mechi iliisha 23-11.

Watu husema ile trai ilitoka kwa wageni waliokutana asubuhi. Sikubaliani nao. Kati ya saba walioushika mpira, ni Pullin tu asiyekuwa wa Wales. Wengi kikosini walikuwa wametoka kushinda pamoja huko New Zealand mwaka 1971 na Lions, kikosi cha pamoja cha Uingereza na Ireland, nahodha akiwa huyuhuyu Dawes. Kabla ya mechi, aliyekuwa kocha wao, Carwyn James, aliingia chumba cha kubadilishia nguo na kumtia moyo Bennett acheze chenga zake kama anavyozicheza kwenye klabu yake ya Llanelli. Mtu aliyeambiwa hivyo na anayemwamini habutui mpira nje.

Mwaka 1995 raga ikawa ya kulipwa. Mchezaji akawa mali yenye mkataba, na klabu hazikuona sababu ya kumwachia kwa mechi za Pasaka. Mechi ya Penarth ilikuwa imekwisha tangu 1986; sasa safari yote ya Wales ikafa, Penarth wakabaki na picha. Mimi naona hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyosemwa. Timu iliendelea, mara nyingi kwenye viwanja vikubwa, na Novemba 2017 wanawake wa Barbarians wakacheza mechi yao ya kwanza, wakaishinda Munster 19-0 mjini Limerick, Ireland.

Kisha Oktoba 2020, wakati wa korona, wachezaji kadhaa walitoka hotelini na kuvunja masharti, na mechi dhidi ya Uingereza ikafutwa. Iliniuma sana. Klabu isiyo na uwanja wala jengo ina mwenendo wa wageni wake tu, na wiki ile ndio uliopotea.

Sasa tuzime taa, nimekuja na filamu ya 1973. Ni fupi. Mara ya kwanza fuateni mpira. Mara ya pili, tazameni soksi.