Pima udongo wa shimo la kunyonya kabla hujakata ploti

Hamjambo jamaa zangu. Leo tuko nje ya Kisumu, upande wa Kibos. Shamba ni ekari tatu, mwenyewe anataka kulikata ploti za futi 50 kwa 100. Bomba la maji taka la mji halijafika huku, kwa hiyo kila nyumba itakuwa na tangi la septiki na shimo lake la kunyonya, yaani la kupeleka maji ya tangi ardhini. Je, udongo huu utayanywa hayo maji, au utayatema uani?

Kuchimba sikufundishi, jembe unalijua. Shimo la kwanza liende mita mbili, la kuangalia tu. Mpwa wangu, leta kamera… si usoni kwangu, ukutani mwa shimo! Haya. Mnaona madoa ya kijivu na ya rangi ya kutu? Mpaka hapo ndipo maji ya chini hupanda masika, hata kama leo pakavu. Shimo la kunyonya likifika kwenye madoa haya, umelijenga ndani ya maji.

Chukua donge, lilowanishe, lisukume kwa kidole gumba litoke kama utepe. Utepe ukizidi sentimita 5 kabla ya kukatika, huo ni udongo wa mfinyanzi. Huu wangu umefika 7. Mama wa vyungu angeshangilia, mimi roho imeanza kudunda.

Sasa shimo la kipimo: sentimita 30 kwa 30, na kina 30 kuanzia pale bomba litakapomwaga maji. Kwaruza kuta kwa msumari, maana beleshi huupaka mfinyanzi kama plasta. Jaza maji, halafu nenda nyumbani. Nimesema nenda nyumbani! Yaache usiku kucha, upime kesho.

Hapa ndipo nilipoaibika. Mwezi wa pili, jua kali, udongo mweusi wa tambarare ya Kano, huku huku Kisumu, umepasuka nyufa za kuingia mkono. Nikamwaga maji, yakatoweka kabla sijamaliza chai. Nikamwambia mteja, mzee, jenga. Mvua za Aprili zikaja, udongo ukavimba, nyufa zikafunga, choo kikarudisha kila kitu sebuleni. Kumbe maji yalikuwa yamekimbilia kwenye nyufa, udongo haukunywa hata kikombe. Loweka kwanza. Usiku kucha.

Basi hii ni asubuhi ya pili. Jaza tena mpaka juu, sentimita 30. Yakishuka hadi robo tatu, anza saa; yakibaki robo, simamisha. Hapo yameshuka milimita 150… Ngoja, ngoja. Mbuzi! Fukuza mbuzi! Amekunywa kipimo. Tunarudia. Funika na matawi, mimi nilisahau.

Haya, mbuzi amefungwa. Shimo la juu, karibu na barabara, kwenye udongo mwekundu: saa 1 na dakika 55. Ni sekunde 6,900. Gawa kwa milimita 150, unapata sekunde 46 kwa kila milimita. Kipimo cha Waingereza kinataka kati ya 12 na 100, yaani kwa shimo hili maji yasishuke kwa muda ulio chini ya nusu saa, wala yasizidi saa 4 na dakika 10. Hapa tuko sawa. Rudia mara tatu, tena kwenye mashimo mawili au zaidi kwa kila aina ya udongo, usichukue jibu moja ukalitandaza shamba zima.

Na wa Nakuru msicheke. Jivu lenu la volkano linaweza kunywa maji kwa dakika chache, mkadhani ni baraka. Maji yakipita mbio hivyo hayachujwi, yanashuka na uchafu wake hadi kwenye visima.

Shimo la chini, kule kwenye utepe wa 7? Saa tano zimepita, hata nusu hayajafika. Ploti za huko sitaziwekea shimo la kunyonya, hata broka akasirike. Ama zibaki uwanja wa watoto, ama wajenge tangi lisilovuja na lori lije kunyonya, na gharama hiyo mnunuzi aambiwe kabla hajalipa.

Chuma changu cha kutobolea udongo nakikodisha kwa siku. Kirudi kimeoshwa, tafadhali. Mpwa, zima, twende tufukie lile la mita mbili kabla mbuzi hajatumbukia.