Una ree mbili na flopu ina kopa mbili: usigonge meza!

Haya mabro na masista, karibuni tena, niko hapa nyumbani Majengo, feni nimeizima ili karata zisiruke kwa hivo mkiniona najifuta jasho mnajua. Leo poka, Texas Hold'em, na kugawa na kuanza naruka, hayo mnayajua. Nataka hali moja tu: umeshika mkono mzito, umezungukwa na watu wasiotupa karata, alafu meza inanuka flashi, yaani karata tano za alama moja, kama kopa tupu.

Karata hizi ni za plastiki, nauza, andika hapo chini ukizitaka. Kwa joto na chumvi ya hapa Mombasa za karatasi zinajikunja pembe, na ree ikishajikunja pembe meza nzima inaijua hata ukiiweka kifudifudi.

Sasa angalia. Blaindi, zile beti za lazima za mwanzo, ni 10 na 20, watu watatu washaingia kwa 20, wewe umepewa ree ya shupaza na ree ya pau. Usiongeze mpaka 60, hawa 60 wanalipa wakicheka. Weka 140. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja aliyeshika chochote zinashinda kama mara 85 kwa 100, lakini dhidi ya wanne zinashuka mpaka kama 56, kwa hivo unapunguza watu mapema. Hapa wawili wamefuata, poti, yaani chipu zote za katikati, ni 470.

Flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunguliwa mezani kwa wote: 10 ya kopa, 9 ya kopa, 4 ya shupaza.

Hapa ndipo watu wanaharibu. Mtu anaona ree zake, anajiambia ngoja niwavute, anagonga meza, yaani anapitisha zamu bila kubeti. Usigonge meza! Mwenye kopa mbili mkononi ana kopa 9 zimebaki za kumkamilishia, ni kama 19 kwa 100 kila karata moja inayofunguliwa, na wewe umempa hiyo karata bure. Ukibeti 100 pia ni kama bure, manake analipa 100 kwenye poti itakayokuwa 670, hiyo ni asilimia 15, yeye ana 19, amefanya hesabu nzuri hata kama hajui kuhesabu. Weka 350. Sasa analipa 350 kwenye poti ya 1,170, asilimia 30, na bado atafuata kwa sababu ndivyo alivyo, hayo ndiyo malipo yako. Mi napenda sana mtu wa aina hii, simkemei wala simfundishi mezani, nambetia tu.

Na 350 yote isukume kwa mara moja au utaje kwanza kwa sauti. Ukisukuma 200 alafu urudi kuchukua 150, meza nyingi zitahesabu ile 200 tu.

Ila ujue, akiwa na kwini na jeki za kopa hapo, ana flashi na streti (karata tano zinazofuatana) zote zinamngoja, karata 15, na zikibaki karata mbili yeye ndiye aliye mbele kidogo. Ndio poka hiyo, bado unabeti.

Mmoja ametupa, mmoja amefuata, poti 1,170. Karata ya nne… ngoja, ngoja, kwa kamera hii inaonekana kopa, siyo kopa jamani, ni 2 ya uru, taa inaipiga. Nasogeza. Sawa, sasa inaonekana. Na mezani vilevile, taa ikiwa ya njano kopa na uru zinafanana, tazama pembe vizuri kabla hujaogopa.

Kwa hivo hii haijamsaidia. Usigonge meza! Narudia kwa sababu ni hapa hapa mtu anaingiwa na huruma na chipu zake. Weka 800.

Amefuata. Karata ya mwisho ikija 3 ya shupaza, beti tena, akiwa na pea ya 10 atakulipa. Ikija 8 ya kopa hapo ndipo unaweza kugonga, flashi imekamilika na streti pia. Na yule aliyekuwa anafuata tu kimya kimya tangu flopu, ghafla anasukuma chipu zake zote? Muamini, tupa ree zako. Usizichungulie tena kwanza, unachungulia nini, ulitakiwa kujua tangu mwanzo kwamba huna kopa, na ukichungulia wote wanaona.

Sasa badilisha kitu kimoja, flopu ile ile lakini mkononi una 9 mbili, una seti, yaani 9 tatu ukihesabu na ya mezani. Unabeti vilevile, ila karata ya nne ikiwa 2 ya kopa na jamaa abeti, usikimbie. Kuna karata 10 zinazokupa fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine) au tisa nne, kama 22 kwa 100, kwa hivo akibeti kidogo na bado ana chipu nyingi mbele yake, fuata. Karata ya mwisho ikiwa 4 ya uru, 9 tatu na 4 mbili, sukuma zote. Mwenye flashi hatupi.