Taa za LED kwenye Boti ya Tanga: Anza na Taa ya Nanga

(Mhadhara kwa manahodha, mabaharia na mafundi wa boti, Kilifi)

Manahodha, mabaharia na mafundi wenzangu, asalaam aleikum na habari za jioni. Najua wengi wenu mmekuja na swali moja tu: ninunue balbu gani? Tutafika huko. Kwanza tupige hesabu ya betri, maana ndiyo iliyotukutanisha.

Balbu ya zamani ya taa ya mlingoti, ile ya waya unaowaka, mara nyingi ni ya wati 25. Kwenye betri ya volti 12 inakula ampea mbili na kitu. Baharia wa Uingereza mwezi Juni hashtuki akisikia hivyo, usiku wake ni mfupi. Sisi tuko karibu na ikweta. Iwe kusi iwe kaskazi, usiku wetu ni saa 12 hivi. Piga hesabu: ampea-saa 25. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unazo 50 tu za kutumia. Taa moja imeshakula nusu yake kabla hujawasha redio, na kabla vijana hawajachomeka simu zao, ambazo hawakosi kuzichomeka. LED inayofanya kazi hiyohiyo hula wati 2 au 3. Mpaka alfajiri imetumia ampea-saa 3 hivi.

Sasa, taa ya kwanza kubadilisha ni ya nanga. Boti zetu hulala nangani usiku mwingi kuliko zinavyosafiri, na balbu ya wati 10 inayowaka hadi asubuhi inakula ampea-saa 10 kila siku. Na taa hii ni nyeupe, inaonekana pande zote, haina kioo cha rangi. Ukiweka LED nzuri, umemaliza. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zile za mwaka 1972, zinataka ionekane umbali wa maili 2 za baharini kwa boti ya chini ya mita 50. Vile vitaa vya sola vya bustanini ninavyoviona vimening'inizwa humu kwenye mkono wetu wa bahari haviwezi umbali huo, tusidanganyane. Baada ya hapo badilisha taa za ndani. Huko chagua rangi upendayo. Mimi napenda ile ya manjano hafifu.

Taa za njiani, yaani zile za kuwasha boti ikisafiri usiku, ndizo zinazonifanya niseme polepole. Taa hizi hazikuwekwa ili wewe uone, zimewekwa ili usomwe. Ofisa aliye juu ya meli ya makontena inayoelekea Kilindini, bandari ya Mombasa, akiona nyekundu, anajua anatazama ubavu wako wa kushoto. Akiona kijani, ni wa kulia. Akiona nyeupe peke yake, anatazama tezi, yaani nyuma ya boti. Kutoka hapo anaamua ageuke au asigeuke.

Mnajua LED nyeupe inavyotengenezwa? Ndani yake kuna LED ya buluu, ile iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Juu yake hupakwa unga unaogeuza sehemu ya ile buluu kuwa manjano, na jicho likichanganya hizo mbili linaona nyeupe. Ila katikati ya buluu na manjano mwanga unapungua sana, na kijani cha taa za bahari kiko karibu na hapohapo. Nyekundu nayo ni haba. Kwa hiyo weka LED nyeupe kali nyuma ya kioo cha kijani, upate rangi iliyopauka inayoelekea buluu. Nyuma ya kioo chekundu, mwanga mwingi unazuiwa na taa inafifia. Dawa yake ni LED nyekundu kwa kioo chekundu, na ya kijani kwa kioo cha kijani.

Kuna na suala la mipaka. Kila taa ya ubavuni huangaza nyuzi 112.5, ya tezi 135. Jumlisha mbili za ubavuni na ile ya tezi, zinatimia 360, duara zima. Kioo kilipimwa kwa waya mmoja mwembamba uliosimama katikati. Balbu ya LED iliyozungukwa na vitaa vidogo kama gunzi la mahindi haina kitovu chembamba namna hiyo, basi mpaka kati ya nyekundu na kijani unavurugika. Ndiyo maana kwa taa ya rangi tatu ya juu ya mlingoti, yenye nyekundu, kijani na nyeupe ndani ya taa moja, mimi nashauri ununue taa nzima ya LED iliyoidhinishwa, siyo balbu peke yake. Ni ghali, nakubali. Kupanda mlingoti mara mbili nako kuna gharama yake.

Umeme nitaupitia haraka. Betri ya volti 12 ikichajiwa na alteneta hufika 14.4 na zaidi, na balbu ya bei rahisi isiyo na kidhibiti cha volti inaungua. Tafuta iliyoandikwa volti 10 hadi 30. Chanya na hasi visibadilishwe. Fyuzi ifuate unene wa waya. Na waya ulioliwa na chumvi hauponi kwa kubadilisha balbu.

Hicho kidhibiti chenyewe kinaweza kupiga kelele kwenye redio. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu taa za LED zinazovuruga VHF, ile redio ya mawasiliano ya baharini, na AIS, mfumo unaotangaza boti iko wapi. Na antena yako iko wapi? Palepale juu, kando ya taa. Jipime hivi: weka redio kwenye chaneli tulivu, punguza kizuizi cha kelele (squelch) mpaka ikaribie kuanza kuvuma, kisha washa taa. Ikivuma, rudisha balbu dukani.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza kuhusu ile mikanda ya LED ya rangi ambayo boti za watalii zinajifunga ubavuni jioni. Ndugu yangu, Kanuni ya 20 ya zile sheria za migongano inakataza, tangu jua linapozama hadi linapochomoza, taa yoyote inayoweza kudhaniwa ni taa ya njiani. Mkanda wa kijani ubavu wa kushoto ni hiyo hasa. Mkiwa mmefungwa gatini, washeni. Mkikata kamba, zimeni.