Sida ya Matufaha: Jinsi ya Kupima Uchachukaji kwa Haidromita

Haya, karibuni tena. Hili dumu mnaloliona mezani lina juisi ya matufaha ya Njombe, na leo tunajibu swali moja tu: utajuaje sida, yaani kinywaji chenye kilevi cha juisi ya matufaha iliyochachushwa, imeiva?

Wengi hutazama mapovu kwenye kizibo cha kutolea gesi. Mapovu yakikoma, wanajaza chupa. Usifanye hivyo. Kifuniko kikivuja hata kidogo, gesi hupita pembeni na hutaona povu, ilhali hamira ingali inakula sukari. Na kinyume chake pia: chumba kikipata joto mchana, gesi iliyojificha ndani ya sida hutoka, kizibo kinabwabwaja, kumbe sukari ilikwisha zamani.

Chombo cha kuaminika ni hiki hapa, haidromita. Ni kijiti cha kioo chenye uzito chini na namba shingoni. Kwenye juisi yenye sukari nyingi kinaelea juu; sukari inavyoliwa, kinazama. Kwanza kikague. Soma karatasi iliyomo ndani uone kimetengenezewa joto gani. Vingi ni nyuzi 20, vingine 15.5. Kitie kwenye maji safi yenye joto hilo. Kinatakiwa kusoma 1.000. Kikisoma 1.002, basi kila kipimo chako utakitoa 0.002. Hakuna haja ya kukitupa.

Sasa pima juisi kabla ya kutia hamira. Kipimo hiki ukikiruka leo, huwezi kukipata tena. Juisi ya matufaha mara nyingi huwa kati ya 1.045 na 1.055, hii yangu ni 1.050. Bandika selotepu kwenye dumu, andika namba na tarehe. Kisha tia hamira, funga, na uliache dumu litulie kama wiki mbili. Kulifunguafungua kila siku ni kuingiza hewa na vijidudu bure.

Siku ya kupima, chukua sirinji kubwa iliyolowekwa kwenye dawa ya kusafishia vyombo, vuta sida ujaze silinda, ile glasi ndefu nyembamba ya kupimia. Lakini usitumbukize haidromita bado! Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Sogea uone: vipovu vidogo vinang'ang'ania kioo na kukinyanyua kama maboya, kwa hiyo namba inasoma juu kuliko ukweli. Mimina sida glasi hii kwenda ile, mara kadhaa, mpaka iache kutoa povu. Irudishe kwenye silinda, weka haidromita, izungushe kwa vidole, iache itulie bila kugusa ukuta.

Inama. Jicho liwe sawa na uso wa sida. Kioevu hupanda kidogo kinapogusa kioo. Kama maelekezo ya haidromita yako hayasemi vinginevyo, soma pale uso ulipo bapa, si pale ulipopanda.

Halafu joto. Dar es Salaam sida inaweza kuwa na nyuzi 30 mchana. Kwa haidromita ya nyuzi 20, ongeza kati ya 0.002 na 0.003. Kwa hiyo ukiona 0.998, kwa kweli uko kama 1.000 au 1.001.

Sida uliyopima usiirudishe kwenye dumu. Ionje, ndiyo faida ya kazi.

Rudia baada ya siku mbili, kisha siku mbili nyingine. Namba ikibaki ileile mara tatu, nayo iko karibu na 1.000 au chini yake, imeiva. Ikiganda kwenye 1.020, huko si kuiva, hamira imelala tu. Ukifunga kwenye chupa sasa, ikiamka huko ndani chupa zitapasuka, na vigae vya kioo havina mchezo. Kama chumba kina baridi, hamishia dumu penye joto kidogo, litikise taratibu, usubiri.

Kilevi? Toa namba ya mwisho kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131.25. Hapa ni 1.050 kutoa 1.000, yaani 0.050, ukizidisha unapata asilimia 6.6 hivi. Wenye refraktomita, kile kifaa cha kupima sukari kwa mwanga, itumieni kwa juisi mbichi tu: kilevi kikishaingia, inasoma juu mno bila hesabu ya kuirekebisha.

Ukimaliza, suuza haidromita kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto huipasua. Na irudishe kwenye kasha lake mara moja, maana ikiachwa mezani huviringika.