Mtumishi wa John Locke

Ndugu mwenyekiti, ndugu wasikilizaji, John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, ana mengi na muda wetu mfupi. Nitashika sura moja tu, ya 5, katika risala yake ya pili juu ya utawala.

Kitabu kilitoka mwishoni mwa 1689 bila jina la mwandishi, kwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1683 Algernon Sidney, mwanasiasa aliyempinga mfalme, alikatwa kichwa London, na mahakamani maandishi yake mwenyewe yalifanywa shahidi dhidi yake. Mwaka huohuo Locke alikimbilia Uholanzi. Hoja ya hatari katika kitabu chake ilikuwa kwamba kuna sheria ya maumbile, ambayo akili inaijua hata kabla ya kuwapo mfalme, nayo inakataza kumdhuru mtu uhai, uhuru au mali yake. Grotius, mwanasheria Mholanzi, alishasema mwaka 1625 kwamba sheria hiyo ingesimama hata tukijalia kuwa Mungu hayupo, astaghfirullah.

Sasa, mali. Ikiwa Mungu aliwapa watu wote dunia kwa shirika, changu kinakuwaje changu? Locke anamchukua mtu aliyeokota kokwa chini ya mwaloni. Zilikuwa zake lini? Alipozila? Alipozichemsha? Alipozifikisha nyumbani? La, anasema: alipoziokota. Jasho lake ndilo lililozitenga na za wote, mradi awaachie wenzake za kutosha, tena nzuri vilevile.

Hapo nakubaliana naye kabisa. Lakini mbele kidogo anaandika kwamba nyasi alizokula farasi wangu, na udongo wa nyasi aliokata mtumishi wangu (watu waliukausha wakaufanya kuni), ni mali yangu. Mtumishi ndiye aliyekata, mali ikaenda kwa bwana! Wanaomtetea husema mtumishi alishauza kazi yake kwa ujira. Sawa, lakini ametajwa pamoja na farasi, na farasi hana mkataba. Tena Locke mwenyewe alikuwa katibu wa mabwana wa Carolina, koloni la Waingereza huko Amerika, wakati katiba yao ya 1669 ilipompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi, na baadaye alikuwa na hisa katika kampuni iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi.

Mwaka 1832 Thomas Hodgskin, afisa mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, aliichukua hoja ileile ya Locke akadai kwamba mali kwa haki ya maumbile ni ya yule aliyeitolea jasho. Wenye mashamba na viwanda hawakufurahi.